Masasi na Milima Yake: Kwa Nini Mji Ulikua Pale na Si Kwingine

Mtu akiuliza kwa nini Masasi, na si mahali pengine, ndio uliokuja kuwa mji mkubwa wa bara katika Mkoa wa Mtwara, jibu atakalopata litategemea amemuuliza nani. Waumini wa Kianglikana wa Mtandi watamwambia kuwa mji uliletwa na misheni mwaka 1876. Wanunuzi wa mazao watamwambia kuwa ni korosho. Madereva na makondakta wa stendi watamwambia kuwa ni njia panda, kwa sababu hapo ndipo zinapokutana barabara za kwenda pwani, Nachingwea, Newala na Mangaka. Majibu yote matatu yana ukweli ndani yake, lakini kila moja linaanzia katikati ya habari. Misheni ilikuta watu wanaishi hapo, korosho ilikuta misheni na boma, na barabara za lami zilifuata njia ambazo misafara ya miguu ilikuwa imekwisha kuzichonga. Kilichotangulia vyote hivyo ni milima yenyewe, na hasa jambo moja ambalo anayeitazama kwa mbali hawezi kuliona, nalo ni namna inavyoyagawa maji ya mvua.

Milima ya Masasi haikujipanga katika safu kama Usambara au Uluguru. Ni majabali yaliyosimama mojamoja katika uwanda uliokaribia kuwa sawa, Mkomaindo huku na Mtandi kule, mengine yakiwa na vilele vya mviringo visivyo na hata kichaka. Mawe yake ni ya jamii ya granaiti na naisi, sehemu ya ukanda mkongwe wa miamba unaotokea Msumbiji na kupita katika nchi yetu kuelekea kaskazini, wenye umri unaozidi miaka milioni 500. Miamba hiyo iliumbika chini sana ya ardhi, katika joto na mgandamizo mkubwa. Kwa muda mrefu usioweza kukadiriwa kwa maisha ya binadamu, mvua na mito vilikula ardhi iliyoifunika, vikapasua na kuozesha mawe yaliyokuwa na nyufa nyingi, na vikayaacha yale yaliyokuwa mazima na magumu yakiwa yamesimama. Kwa hiyo si sahihi kusema kuwa milima hii iliinuka. Uwanda ndio ulioshuka, na majabali yakabaki katika kimo kilicho karibu na kile cha ardhi ya zamani. Mjiolojia wa Kijerumani Wilhelm Bornhardt, aliyezunguka maeneo haya ya kusini katika miaka ya 1890, aliyaeleza majabali ya namna hii kwa makini kiasi kwamba mpaka leo wanajiolojia duniani huliita jabali la mviringo la aina hiyo kwa jina lake, liwe liko Brazili au Australia.

Jabali linapopunguziwa uzito uliokuwa juu yake, hutanuka kidogo na kupasuka kwa matabaka yanayofuata umbo lake, kama kitunguu kinavyomenyeka. Matabaka hayo huporomoka taratibu na kurundikana chini, na huko huendelea kuoza mpaka yakawa changarawe na udongo. Hapo ndipo siri ya maji ilipo. Mvua ya kusini hunyesha katika msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, kisha kiangazi hushika nchi kwa karibu nusu mwaka au zaidi. Katika uwanda wa kawaida sehemu kubwa ya mvua hiyo hukauka juani au hutiririka na kupotea. Juu ya jabali tupu hainywewi na kitu chochote: huteremka yote, katika njia zilezile kila mwaka, na ukilitazama jabali wakati wa kiangazi utaziona njia hizo zimechorwa juu yake kwa mistari myeusi ya ukoga uliokauka. Maji yote ya eneo pana la mwamba hukusanywa katika ukanda mwembamba chini yake, yakaingia kwenye changarawe na mawe yaliyooza, na kukaa humo. Ndiyo maana chini ya majabali haya kisima kifupi hutoa maji wakati visima vya uwandani vimekwisha kukauka, na ndiyo maana miembe mikongwe na mashamba ya muda mrefu yalikaa huko.

Umuhimu wa jambo hili hauonekani mpaka mtu aitazame miinuko mingine ya jirani. Upande wa kusini mashariki mwa Masasi uko Uwanda wa Makonde, ulioinuka kwa ukuta mkali ambao kila anayesafiri kutoka Mnazi Mmoja kwenda Ndanda huwa nao kushoto kwake. Uwanda huo haukufanyika kwa mwamba mgumu. Ni tabaka nene la mchanga na mawe ya mchanga, laini na lenye vinyweleo, ambalo huimeza mvua mara inapogusa ardhi. Juu kuna hewa nzuri, udongo unaokubali mihogo na mikorosho, na mandhari ya Newala ya kulitazama bonde la Ruvuma hadi Msumbiji, ambayo kwa maoni yangu haina mfano katika kusini nzima. Maji ndiyo hayakuwapo. Kwa vizazi vingi wanawake wa Kimakonde waliteremka ukutani alfajiri na kupanda tena na mitungi kichwani, na hata leo uwanda huo hutegemea maji yanayosukumwa kwa pampu kutoka vyanzo vya mabondeni kama Mitema. Maji yaliyomezwa juu hutokea chini ya ukuta, na ndiyo yanayoifanya Ndanda kuwa ya kijani mwaka mzima.

Kwa hiyo tunazo aina mbili za miinuko zinazofanya kazi kinyume. Mwamba wa Masasi huyakataa maji na kuyatupa miguuni pake. Mchanga wa Makonde huyanywa na kuyatoa mbali. Newala ilipata hewa na usalama wa kimo bila maji. Ndanda ilipata maji tele, lakini imebanwa kati ya ukuta na bonde la Lukuledi, na njia kuu inayopita hapo ni moja. Masasi ilipata maji ya kutosha mahali ambapo ardhi ni wazi pande zote, na juu ya hayo ilipata alama ambazo msafiri aliweza kuziona kutoka mwendo wa siku nzima. Mahali pa namna hiyo hapahitaji kugunduliwa na mgeni.

Na kwa kweli hapakugunduliwa na mgeni. Simulizi ya misheni mara nyingi husimuliwa kana kwamba wageni walifika kwenye pori lisilo na mtu, na kosa hilo linafaa kusahihishwa. Michoro ya kale iliyopo kwenye baadhi ya mapango ya wilaya hii inaonyesha kuwa binadamu walijihifadhi chini ya majabali haya muda mrefu sana kabla ya majina tunayoyatumia leo. Katika karne ya 19 Wamakua wengi walivuka Ruvuma kutoka upande wa Msumbiji na kufanya makazi hapa, Wayao nao wakaingia kutoka magharibi na kusini, na machifu wao wakawa na uhusiano wa karibu na wafanyabiashara wa pwani. Njia za misafara kutoka Ziwa Nyasa kwenda Kilwa, Lindi na Mikindani zilikata nchi hii. Zilibeba pembe za ndovu, na zilibeba watu waliofungwa. Maji ya chini ya majabali yaliwanywesha wafanyabiashara na mateka wao pia, na historia ya mji isiyotaja jambo hilo haijakamilika.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa na kukataza kuwasafirisha kwa bahari. Askofu Edward Steere, yule yule aliyeandika sarufi na kukusanya hadithi za Kiswahili, alijikuta na watu wengi waliokombolewa ambao hawakuwa na kwao kisiwani. Mwaka 1876 aliondoka Zanzibar na kundi la watu wapatao 50, wanaume na wanawake, akashuka Lindi na kuanza kutembea nao kuelekea Ziwa Nyasa, ambako wengi walikuwa wametekwa wangali wadogo. Hawakufika ziwani. Walipofika Masasi waliona ardhi nzuri, maji, na watu waliosema lugha zinazofanana na zile walizozikumbuka utotoni, wakaomba kubaki, na Steere akakubali.

Jambo hilo lastahili kutazamwa kwa utulivu. Watu ambao maisha yao yote yalikuwa yameamuliwa na wengine, kuanzia siku ya kutekwa, njiani, sokoni na jahazini, walipewa nafasi ya kusema wanataka kuishi wapi, nao wakachagua chini ya milima. Misheni iliandika habari zake kwa majina ya maaskofu na mapadri, lakini uamuzi uliouanzisha mji mpya ulikuwa wa wale waliokombolewa. Kutoka kizazi hicho cha watu walionyakuliwa utotoni na kulelewa Zanzibar alitoka pia Cecil Majaliwa, Myao, ambaye mwaka 1890 alipewa upadri, Mwafrika wa kwanza kuupata katika misheni hiyo, naye akahudumu Chitangali kwa miaka kadhaa akiwa kiongozi wa kanisa katika jamii yake mwenyewe.

Milima iliyowapa maji haikuwapa ulinzi. Mwaka 1882 wapiganaji wa Kingoni, ambao watu wa hapa waliwaita Magwangwara, waliishambulia Masasi, wakaua, wakateka watu na kuchoma nyumba. Jabali lisilo na msitu humficha mtu mmoja pangoni, ila haliwezi kukizungushia kijiji ukuta, na uwanda ulio wazi kwa wafanyabiashara uko wazi kwa jeshi pia. Kazi ya misheni ilihamia kwa muda Newala, kwa chifu Matola wa Wayao, yaani juu ya uwanda usio na maji lakini wenye ukuta wa kweli. Hali ilipotulia watu walirudi Masasi, na kurudi huko kunaeleza mvuto wa mahali kuliko maneno ya mtu yeyote.

Mara ya pili ilikuwa Agosti 1905, wakati wa Vita vya Maji Maji. Misheni ya Masasi ilichomwa, na vivyo hivyo vituo vya Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, vya Lukuledi na Nyangao. Waanglikana walijenga tena palepale. Wabenediktini walichagua njia nyingine: mwaka 1906 waliihamishia kazi yao Ndanda, chini ya ukuta wa Makonde, mahali penye chemchemi za kudumu, na huko wakajenga abasia, hospitali na shule zinazojulikana nchi nzima. Tangu hapo eneo hili limekuwa na vituo viwili vya elimu na tiba vilivyoachana kwa kilomita zipatazo 40, kimoja kikinywa maji ya jabali na kingine maji ya mchanga. Rais wa awamu ya tatu, Benjamin William Mkapa, aliyezaliwa Lupaso katika Wilaya ya Masasi mwaka 1938 na kuzikwa hukohuko mwaka 2020, alikuwa zao la shule za kanda hii.

Mwaka 1926 Masasi ilifanywa dayosisi, na askofu wake wa kwanza, Vincent Lucas, aliingia katika mjadala ambao bado unazungumzwa: aliukubali unyago na jando, akajaribu kuuingizia mafundisho ya Kikristo badala ya kuupiga marufuku. Mtu anaweza kumsifu au kumlaumu, lakini matokeo kwa mji yalikuwa wazi. Familia za Kimakua na Kiyao hazikulazimika kuchagua kati ya misheni na mila, na watoto wao wakaendelea kukaa karibu na shule. Baadaye, kuanzia 1960 hadi 1968, kiti hicho kilikaliwa na Trevor Huddleston, aliyekuwa amejulikana duniani kwa kupinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini. Katika miaka hiyohiyo, si mbali kutoka hapo, Nachingwea ilikuwa inawapokea na kuwafunza wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji.

Nachingwea yenyewe inatupa kipimo kizuri, kwa sababu ni mji uliopangwa na watu wa mbali. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, na kwa ajili ya Nachingwea ikajengwa bandari ya Mtwara pamoja na reli ya kuingia bara. Matrekta yaliletwa kabla ya kujulikana vizuri tabia ya udongo na mvua, gharama zikapanda, mavuno yakawa kidogo, na mwaka 1951 mradi ulivunjwa. Reli ilibaki bila shehena ya kutosha, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kung'olewa. Masasi haikuwa kiini cha mradi huo, na reli ilipoondoka haikuanguka nayo, kwa kuwa haikuwa imejengwa juu yake.

Kilichofuata kilikuwa korosho. Mkorosho uliletwa Msumbiji na Wareno kutoka Brazili katika karne ya 16, ukakaa karne nyingi ukiwa mti wa kawaida wa pwani, na ukaanza kulimwa kwa biashara kubwa kusini baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Unapenda udongo wa mchanga na kiangazi kirefu, yaani hali zilezile zinazowatesa mahindi na mpunga, na kwa hiyo uliigeuza ardhi iliyodharauliwa ikawa mali. Msimu wa 1973/74 nchi ilizalisha takriban tani 145,000. Kisha ukaja mporomoko. Operesheni ya vijiji iliwahamisha wakulima mbali na mikorosho yao, bei ikashuka, na ugonjwa wa ubwiriunga ukaenea. Huo ni ukungu unaoshika maua na machipukizi katika miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, wakati umande ni mwingi: ua hufunikwa na kitu cheupe kinachofanana na unga, hubadilika rangi na kuwa kahawia, hunyauka na kudondoka kabla halijafunga tunda. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 20,000.

Ulioliokoa zao hili ni utafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, karibu na mji wa Mtwara, uliowafundisha wakulima kupulizia salfa ya unga kwa wakati unaofaa na kuwapatia miche bora. Mwaka 2007 ukaingia mfumo wa stakabadhi ghalani, na huo ndio ulioifungamanisha korosho na mji wenyewe. Mkulima hupeleka korosho zake kwenye chama cha msingi, hupimwa na kupangiwa daraja, husafirishwa hadi ghala kuu, na chama kikuu cha ushirika, ambacho kwa Masasi ni MAMCU, huziuza kwa mnada. Kabla ya hapo mnunuzi alimfuata mkulima kijijini, na katika miezi ya njaa alimnunulia korosho ambazo hazijavunwa, kwa kipimo cha kangomba kilichomnyonya waziwazi. Sasa mzigo na malipo vyote hupitia mahali palipo na ghala, benki na barabara. Mfumo huu una matatizo yake, hasa malipo yanayochelewa na makato ambayo mkulima haelezwi vizuri, na msimu wa 2018/19, Serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo baada ya wafanyabiashara kutoa bei ndogo, ulionyesha jinsi mji mzima unavyoweza kukaa ukisubiri fedha. Lakini kuanzia Oktoba hadi Januari hakuna anayeuliza kwa nini maduka ya bati, saruji na pikipiki yako Masasi.

Barabara zilikamilisha kazi. Daraja la Mkapa katika Mto Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003, lilimaliza enzi ya kusubiri kivuko na kukatika kwa kusini wakati wa masika. Daraja la Umoja katika Ruvuma, lenye urefu wa mita 720, lilifunguliwa mwaka 2010, na njia ya kulifikia kupitia Mangaka na Mtambaswala huanzia Masasi. Baadaye lami ikafika Tunduru na Songea. Ukiangalia ramani utaona kwamba njia ya kutoka Lindi kwenda Nyasa inapita karibu mulemule ilimopita misafara ya karne ya 19, na si ajabu, kwa kuwa lori halihitaji kisima, lakini vijiji ambavyo barabara iliviunganisha vilijengwa na watu waliokihitaji.

Ndivyo ulivyojengeka mvuto ambao leo huwaleta Masasi walimu, wauguzi wa hospitali ya Mkomaindo, wafanyabiashara kutoka Tandahimba na Tunduru, na wastaafu wanaotoka Dar es Salaam kurudi nyumbani. Sensa ya mwaka 2012 iliukuta mji ukiwa na watu zaidi ya 100,000. Asubuhi za Juni na Julai ni za baridi ya kupendeza, jioni jua huyafanya majabali yawe mekundu, na kiwanja bado kinaweza kununuliwa na mtu mwenye mshahara wa kawaida. Wanaohamia husema wanapenda milima, nami nawaamini, ila kinachowawezesha kukaa ni shule, hospitali, soko na basi la alfajiri.

Hata hivyo uhusiano wa mji na milima yake umebadilika kimyakimya. Maji ya bomba yanayotumika Masasi na Nachingwea leo hutoka katika chanzo cha Mbwinji, upande wa Uwanda wa Makonde. Kwa maneno mengine, mji uliozaliwa na maji ya jabali umekua kupita uwezo wa jabali, na sasa unaishi kwa maji yaliyochujwa na mchanga ule ule ulioifanya Newala kuwa kavu. Mvua inayoanguka juu ya uwanda, katika mashamba ya watu wa wilaya nyingine, ndiyo inayotoka katika mabomba ya Masasi, na msitu unaokatwa juu ya ukuta unawahusu wakazi ambao hawajawahi kufika huko.

Miguu ya majabali nayo imeanza kujaa nyumba. Ukanda uleule uliokuwa ukipokea maji unapigwa sakafu, na mawe yanapondwa kuwa kokoto. Maji yanayoteremka jabalini hayajapungua. Kilichopungua ni udongo wa kuyapokea, hivyo hukimbilia barabarani na kuingia majumbani kila mvua kubwa inaponyesha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji, lakini ukanda wa chini ya jabali mara nyingi hauna mto unaoonekana wala chemchemi yenye jina, kwa hiyo kwenye ramani ya mpima viwanja huonekana kama ardhi ya kawaida. Halmashauri ya Mji inaweza kuutambua kwa macho tu, wakati wa kiangazi, kwa kuifuata mistari myeusi ya jabali mpaka chini na kuweka alama pale inapoishia, kabla viwanja havijagawiwa.